Tuuandae Mwili, Siyo Harusi Peke Yake



Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe. Mvua bado iko mbali, utamkuta shambani anang'oa visiki na kutawanya samadi. Anajua kwamba mbegu ikitupwa katika ardhi iliyochoka, hata mvua iwe nzuri namna gani, mavuno yatakuwa haba. Lakini inapokuja habari ya kupata mtoto, wengi wetu tunafanya kinyume cha mkulima huyo. Tunangoja mimba iingie, tena tunangoja tumbo lionekane, ndipo tunaanza kuuliza mama ale nini na ameze dawa gani.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya misheni. Kwa zaidi ya miaka 25 nimefanya kazi katika wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto. Mwezi huu napenda kutoa maoni yangu wazi: kumwandaa mtoto kuanze angalau miezi 3 kabla ya mimba, na mahali pafaapo pa kuanzia kwa familia changa ni kwenye maandalizi ya ndoa. Nitaeleza kwa nini.

SIKU 28 ZA MWANZO

Mtoto anapotungwa, moja ya viungo vinavyotangulia kuumbwa ni ubongo na uti wa mgongo. Mwanzoni huwa kama utepe mwembamba, kisha utepe huo hujikunja na kujifunga, ukawa mrija. Kazi hiyo yote humalizika kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Mrija ukikosa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukikosa kufunga upande wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa, na mtoto huyo hawezi kuishi. Watoto wengi wenye mgongo wazi hujaa pia maji kichwani, kichwa kikawa kikubwa.

Sasa tuhesabu pamoja. Siku 28 baada ya mimba kutungwa, mama huwa amechelewa kuona siku zake kwa wiki 2 tu. Wengine bado hawajashtuka. Wengine wanafikiri ni uchovu wa kulima au malaria. Na akina mama wengi katika vijiji vyetu huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi 4 au 5. Wakati huo mgongo wa mtoto ulikwisha kufunga, au kukosa kufunga, miezi 3 iliyopita.

Namkumbuka mama mmoja kijana aliyejifungua mtoto wake wa kwanza akiwa na mgongo wazi. Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi. Hakukosa hudhurio hata moja, vidonge vya damu alimeza vyote, chandarua alilalia. Aliniuliza, "Sista, nilikosea wapi?" Hakukosea popote. Aliyatimiza yote tangu siku aliyoanza kliniki, lakini mgongo wa mtoto hukamilika kabla ya siku hiyo. Nyumbani kwao watu walikuwa wameanza kusema karogwa, na mama mkwe alikuwa anasema ukoo wa bibi arusi una laana.

Tuache maneno hayo. Mgongo wazi si uchawi wala si laana. Sababu zake ni nyingi: upungufu wa vitamini, urithi, kisukari kisichotibiwa vizuri, baadhi ya dawa, na nyingine ambazo mama hana uwezo nazo kabisa. Kwa hiyo hakuna mama wa kulaumiwa. Lakini mojawapo ya sababu hizo tunaweza kuipunguza sana, tena kwa gharama ndogo, nayo ni upungufu wa vitamini iitwayo asidi ya foliki.

VITAMINI YA MAJANI

Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito maskini, wengi wao wa viwanda vya nguo, walikuwa wanaishiwa damu. Aligundua kwamba walipopewa chakula kilichotengenezwa kwa hamira, damu yao ilirudi. Kitu kilichokuwa kinawaponya kilikuja kupatikana katika majani ya spinachi mwaka 1941, nacho kikapewa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo asidi ya foliki.

Mwaka 1991 ulitolewa uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 7. Ulihusu wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili. Waliomeza asidi ya foliki kabla ya mimba na miezi ya kwanza ya mimba walipunguza hatari ya kupata mtoto mwingine wa namna hiyo kwa asilimia 72. Baada ya hapo Marekani mwaka 1998 na Chile mwaka 2000 ziliamuru vitamini hii iwekwe katika unga wa ngano, na watoto wenye mgongo wazi wakapungua. Nchi yetu ya Tanzania nayo iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi unaotengenezwa viwandani. Lakini sisi wa vijijini unga wetu mwingi hautoki kiwandani. Unatoka kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani, na humo mara nyingi hakuna kilichoongezwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke anayetazamia kupata mimba ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia anapotazamia hadi mimba itimize wiki 12. Vidonge vya damu vinavyotolewa kliniki vina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Kuna pia kidonge kikubwa cha miligramu 5. Hicho ni cha mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye sababu nyingine atakayoelezwa na daktari. Usikimeze kwa kujiamulia, maana wingi huo unaweza kudhoofisha dawa ya SP anayopewa mjamzito kuzuia malaria. Uliza zahanati kwanza.

CHAKULA KIPO, TUNAKIHARIBU JIKONI

Wapo watakaosema, "Sisi tunakula mboga za majani kila siku, vidonge vya nini?" Ni kweli, neema ya mboga tunayo: mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, kisamvu, mnafu. Tunayo maharagwe, choroko, njugu mawe na karanga. Vyote hivyo vina asidi ya foliki. Lakini vitamini hii ni dhaifu mbele ya moto na maji. Tunachemsha mchicha mpaka unageuka rangi, kisha tunamwaga maji yake. Tunatia magadi ili mboga ilainike upesi. Kinachobaki sufuriani kinajaza tumbo, lakini vitamini nyingi imekwenda na maji au imeuawa na magadi. Ndiyo maana chakula kizuri na kidonge vinakwenda pamoja. Kimoja hakifukuzi kingine.

Haya ndiyo ninayowaomba akina mama na mabinti wayafanye jikoni:

1. Osha mboga kabla ya kuikata, usiikate ndipo uioshe. Ipike kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, ukiwa umefunika sufuria. Kisamvu peke yake ndicho kisiharakishwe: kitwange na kukipika mpaka kiive kabisa, maana kibichi kina sumu.

2. Acha magadi. Maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, yataiva upesi bila magadi.

3. Kwa ugali, tumia dona badala ya sembe kila inapowezekana. Sembe nyeupe imeachia mashineni kiini na pumba, na humo ndimo zilimo vitamini nyingi. Lakini mahindi ya dona yawe makavu na safi. Mahindi yenye ukungu yasiliwe na mtu, kwa kuwa yana sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kama mnanunua unga wa kiwandani, chagueni ule wenye alama ya kuongezwa virutubishi.

4. Katika kila mlo pawe na chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili, kama tulivyofundishwa shuleni. Nyama si lazima. Dagaa, mayai, maharagwe na karanga hujenga mwili vizuri. Kwa mfano: asubuhi uji wa dona wenye karanga zilizosagwa, mchana ugali, maharagwe na majani ya maboga, pamoja na chungwa, jioni ndizi au viazi, dagaa na mchicha, na kipande cha parachichi.

5. Tumia chumvi yenye madini joto, nayo itunzwe kwenye chombo chenye kifuniko. Mama akipungukiwa na madini hayo, ubongo wa mtoto hudumaa.

DAMU ISINGOJE MIMBA

Takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Maana yake, karibu nusu ya wanawake walikuwa katika hatari ya kuingia katika mimba wakiwa tayari na deni. Mimba yenyewe inadai damu zaidi, kujifungua kunamwaga damu nyingine. Mama mwenye akiba huvumilia. Asiye na akiba tunaweza kumpoteza kwa damu ambayo mwenzake angeimudu. Nimesimama kando ya vitanda hivyo, nami nawaambieni kwamba damu ya kuongezewa haipatikani kila usiku.

Kwa hiyo tujenge akiba mapema. Kula dagaa, maharagwe, mboga za kijani na maini kidogo mara moja kwa wiki. Kula pamoja na chungwa, limau, ukwaju au ubuyu, kwa sababu huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai ya rangi na kahawa usizinywe pamoja na chakula, maana huyazuia. Subiri kama saa 1. Vaa viatu shambani na tumia choo, kwa kuwa minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu na kunyonya damu. Lala ndani ya chandarua. Na ile tabia ya kula udongo, ambayo mabinti wengi huianza kabla hata ya kuolewa, tuiache. Udongo huleta minyoo na kuuzuia mwili kupata madini ya chuma.

Pombe iachwe tangu siku mnapoanza kutazamia mtoto, kwa sababu hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mimba. Sigara na ugoro vivyo hivyo. Na mabinti wanaojichubua ili wang'ae siku ya harusi wajue kwamba baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Zebaki hupenya ngozi, ikaingia katika damu, na hatimaye humfikia mtoto tumboni.

Kwa wale wenye watoto tayari, mwili wa mama unahitaji muda wa kurudisha akiba. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine, na angalau miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Wanandoa wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wana nafasi nzuri zaidi: wakiijua vizuri mizunguko yao, wanaweza kuamua pamoja ni lini waanze kutazamia, na kabla ya hapo wakaanza vidonge na chakula.

BABA NAYE ANA SEHEMU YAKE

Akina baba, msigeuze ukurasa. Mbegu ya mwanaume huchukua karibu miezi 3 kukomaa. Pombe nyingi na tumbaku huidhoofisha. Kwa hiyo miezi 3 ya maandalizi si ya mke peke yake.

Tena kuna habari ya bakuli. Katika nyumba nyingi finyango na yai ni vya baba, mchuzi ni wa watoto, na mama anakwangua sufuria. Mama huyo huyo ndiye mwenye jembe, mwenye ndoo na mwenye mzigo wa kuni. Baba anayesema, "Leo yai hili kula wewe," na akabeba ndoo ya pili, amefanya kazi ya udaktari bila kusomea. Na tafadhali, mtoto akizaliwa na kasoro, au mimba isipoingia, baba asiwe wa kwanza kunyoosha kidole. Mlikuwa wawili.

VIPIMO KABLA YA NDOA

Wachumba waende pamoja hospitali au kituo cha afya wapimwe wingi wa damu na kundi la damu, shinikizo la damu, sukari, kaswende na virusi vya UKIMWI. Wapime pia selimundu, ili wajue mapema kama wote wawili wamebeba chembe za ugonjwa huo. Binti aonyeshe kadi yake ya chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari asitafute mimba kabla sukari haijatulia. Mwenye kifafa asiache dawa ghafla, lakini amwone daktari mapema, kwa sababu dawa moja iitwayo valproeti huongeza sana hatari ya mgongo wazi na yafaa ibadilishwe kabla ya mimba. Na wazazi wenye haraka wajue kwamba binti wa miaka 16 bado anakua yeye mwenyewe. Mimba itagombania chakula na mwili wake.

PENDEKEZO LANGU

Tazameni tunavyoandaa harusi. Kamati inaundwa miezi 6 kabla. Kadi za michango zinasambazwa hadi mikoani. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, na vikao vya kila Jumapili vya kuamua rangi ya mapambo na idadi ya kreti za soda. Mwili wa bibi arusi, ambao pengine mwezi mmoja baadaye utakuwa unaumba ubongo na mgongo wa mtoto, haumo katika ajenda hata ya kikao kimoja. Anaingia kanisani amependeza, damu yake ikiwa pungufu, tena wiki ya mwisho hakula vizuri ili gauni limtoshe.

Napendekeza kwamba katika mafundisho ya ndoa ya kila parokia itengwe jioni moja kwa ajili ya afya, na muuguzi au mganga wa zahanati iliyo karibu aalikwe. Wachumba wote wawili wakae. Wafundishwe haya niliyoyaeleza, kisha waelekezwe wapi pa kupima na wapi pa kupata vidonge. Kamati ya harusi nayo iweke fungu dogo kwa vipimo na vidonge vya miezi 3. Fungu hilo halitazidi gharama ya mapambo.

Najua kuna watakaonipinga. Mzee mmoja aliniambia kwamba kumwandaa mtoto ambaye hajatungwa ni kujiita mabaya. Kwa heshima zote, babu, kupanda miche ya kahawa ni kuandaa mavuno ya watu ambao hawajazaliwa, na wazee wetu hawakuogopa kuipanda.

Pingamizi zito zaidi ni la mabinti wenyewe. Binti aliyechumbiwa akionekana anachukua vidonge vya asidi ya foliki zahanati, kijiji kizima kitasema amekwisha kupata mimba. Kwa hofu ya maneno hayo, atangoja hadi baada ya harusi, kisha hadi tumbo lionekane. Mtoto anaweza kulipa maisha yake yote kwa sababu ya aibu ya mama yake mbele ya majirani. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe kwa binti mmoja mmoja kujipitisha zahanati jioni akiwa amejifunika kanga. Likifundishwa hadharani kwa wachumba wote, hakuna atakayenyooshewa kidole. Kidonge hicho kitakuwa ni sehemu ya harusi kama pete ilivyo.

Na kama familia imekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa, msimfiche. Mpelekeni hospitali mara moja, siku hiyo hiyo ikiwezekana, maana mgongo unatakiwa kufungwa katika siku za mwanzo. Upasuaji hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Watoto wengi waliotibiwa mapema wanasoma shuleni na wenzao. Naye mama yao, kabla ya mimba nyingine, amwone daktari kwa ajili ya kile kidonge cha miligramu 5.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unazibwa kwa sahani ya mboga isiyotiwa magadi, kwa maharagwe, na kwa kidonge kidogo kila siku, lakini unazibwa mapema tu. Wazazi wenye mabinti na vijana waliochumbiana, ongeeni nao nyumbani jioni ya leo. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA, liwekeni jambo hili katika kikao chenu kijacho. Nanyi wachumba, kabla hamjachagua rangi ya mapambo, nendeni mkapime damu.